Kompyuta za Duka Hazioni Seva? Kagua Anwani Kwanza

Ni Jumamosi jioni, foleni imefika mlangoni. Stima ilipotea dakika tano, ikarudi. Mteja amelipa kwa simu, lakini kompyuta ya keshia inasema seva haipatikani. Keshia anamwambia alipe tena, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Mara nyingi pesa huwa zimeshaingia kwa till yako. Kilichokatika ni mawasiliano kati ya kompyuta za duka lenyewe.

Seva ni ile kompyuta kuu inayoweka bei, stoki na rekodi za mauzo. Kompyuta za keshia huitafuta kwa anwani, kwa mfano 192.168.1.10. Anwani hizi hugawiwa na rauta, na stima ikirudi, rauta inaweza kuipa seva anwani mpya. Keshia anabisha mlango wa zamani, kumbe mwenyewe alishahama.

Wewe au fundi wako fanyeni hivi:

1. Unganisheni kompyuta zote kwa rauta moja. Seva itumie waya, si Wi-Fi.

2. Ingieni kwa mipangilio ya rauta, muitengee seva anwani moja isiyobadilika.

3. Andikeni anwani hiyo hiyo kwenye programu ya mauzo ya kila keshia.

4. Jaribuni. Kwa kompyuta ya Windows, fungueni Command Prompt, mwandike ping 192.168.1.10. Mkiona "Reply from 192.168.1.10", njia iko sawa. Kukiwa kimya, kagueni waya, halafu faiwali ya seva, maana huweza kuzuia.

5. Wi-Fi ya wateja iwe kando. Anayekunywa chai hapo hana haja ya kufikia seva yako. Badilisheni pia nywila iliyokuja na rauta.

Kumbuka, mtandao wa ndani hufanya kazi hata bila bando, lakini uthibitisho wa malipo kutoka kwetu huja kupitia intaneti. Kwa hivyo skrini ikinyamaza, usimlipishe mteja mara mbili, na usitegemee meseji iliyo kwa simu yake. Angalia simu ya till yako au taarifa ya akaunti, linganisha kodi ya muamala, kisha mpe bidhaa zake.

Na fundi akimaliza kazi, mlipe, umshukuru. PIN yako haihitaji.