Ugomvi wa Mwezini na mvua ya Singida

Mei ni mwezi wa mavuno ya alizeti Singida. Vichwa vimeinama na kugeuka kahawia, magunia yanashonwa, na kila mwenye trekta au mkokoteni wa punda ana kazi. Mei 2, 2025, watu wakiwa katikati ya shughuli hiyo, Ikulu ya Marekani ilipeleka kwa wabunge wake mapendekezo ya bajeti ya mwaka uliokuwa unafuata. Katika fungu la NASA, zaidi ya dola bilioni 7 zilitengwa kwa ajili ya kurudi Mwezini, na dola bilioni 1 mpya kwa maandalizi ya kupeleka watu sayari ya Mirihi. Waraka huohuo ukapendekeza zaidi ya dola bilioni 1.1 ziondolewe kwenye setilaiti na tafiti zinazoitazama dunia yenyewe.

Hapa nyumbani jambo kama hilo hupita kama habari ya ng'ambo. Mimi nasema ni habari ya Singida.

Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inauita hivyohivyo: Msimu, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Mkulima wa hapa akikosea kupanda hana Vuli wala Masika ya kumpa nafasi ya pili. Anasubiri mwaka mwingine. Na mvua yenyewe ni ya kuchagua. Inaweza kunyesha Sepuka mchana kutwa, Puma wakabaki na vumbi lao. Mwenye kilo zake chache za mbegu ya alizeti aina ya Record, alizozipata baada ya kuuza kuku, anaitazama mvua ya kwanza ya Desemba akijiuliza kama ni ya kupandia au ni ya kudanganya. Akipanda, kisha mvua zikakata wiki tatu, miche inanyauka, na fedha ya kununulia mbegu nyingine haipo.

Singida ina takriban kilomita za mraba 49,000. Kipimo cha mvua kilichopo mjini hakiwezi kukuambia kilichonyesha Itigi au Mkalama, na vipimo vya ardhini ni vichache mno kwa eneo kubwa kiasi hicho. Pengo hilo linazibwa kutoka juu. Setilaiti za Meteosat za Ulaya hupiga picha mawingu usiku na mchana. GPM, iliyorushwa Februari 2014 kwa ushirikiano wa NASA na Japani, ina rada inayopenya ndani ya wingu na kupima matone yenyewe, ukubwa wake na wingi wake. Setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa 1972, zinaonyesha shamba lipi limeota na lipi limeungua, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Taarifa za aina hii huchanganywa na vipimo vya ardhini, wataalamu wa hapa nchini na wa kituo cha kikanda cha RCMRD kilichoko Nairobi huzifanyia kazi, na mwisho wake tunasikia redioni maneno tuliyoyazoea: wastani hadi juu ya wastani, wastani hadi chini ya wastani. Anayesikiliza akiwa Iguguno hana haja ya kujua jina la GPM. Anachohitaji ni tangazo liwe la kweli.

Ndani ya setilaiti hizo hakuna mtu, na jambo hilo tulishike vizuri, kwa sababu kwenye siasa za anga za juu mambo mawili huvalishwa shati moja. Wanaotaka watu wapelekwe mbali hupenda kumtaja mkulima wa Afrika kama ushahidi kwamba fedha za anga hazipotei. Ni kweli hazijapotea. Lakini manufaa yaliyomfikia mkulima huyo yameletwa zaidi na vyombo visivyobeba mtu, na mwaka 2025 ilipendekezwa kwamba vyombo hivyo vipunguzwe wakati fungu la kubeba watu likiongezwa.

Sehemu ipo ambapo mambo hayo mawili hukutana kwa haki. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho hakijakosa watu tangu Novemba 2000, kimefungwa nje yake kifaa kiitwacho ECOSTRESS, kilichopelekwa mwaka 2018. Kinapima joto la majani ya mimea na kuonyesha ni wapi mazao yana kiu kabla macho ya mtu hayajaiona. Kituo chenyewe kimepangiwa kuteremshwa baharini mara baada ya mwaka 2030.

Marekani wamegombana juu ya safari hizi kwa muda mrefu na kila rais ana lake. George W. Bush alisema mwaka 2004 kwamba watu warudi Mwezini, kisha waende Mirihi. Barack Obama akaufuta mpango huo mwaka 2010. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwezini walishafika. Desemba 2017 Donald Trump akaurudisha Mwezi kwenye ratiba. Ilipofika Januari 2025, Elon Musk, mwenye kampuni ya SpaceX, akaandika kwamba waende Mirihi moja kwa moja na kwamba Mwezi unawapotezea muda. Bajeti ya Mei ikafuata, ikitaka roketi kubwa ya serikali iitwayo SLS iachwe baada ya safari yake ya tatu. Kwa hesabu ya gharama hoja hiyo ilikuwa na nguvu: mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria mwaka 2022 kwamba safari moja ya roketi hiyo pamoja na chombo chake ingegharimu dola bilioni 4.1. Lakini viwanda vinavyoitengeneza vimetawanyika kwenye majimbo mengi, na kila jimbo lina wapiga kura. Seneta Ted Cruz wa Texas akasimama kidete, na sheria iliyosainiwa Julai mwaka huohuo ikaiongezea NASA karibu dola bilioni 10, nyingi zikiwa za mipango ya Mwezini. Kamati ya matumizi ya Seneti nayo ikaikataa sehemu kubwa ya makato yaliyoelekezwa kwenye sayansi.

Setilaiti za mvua zikapata pumzi. Ila tuone jinsi zilivyoipata. Waliogombana walikuwa wanabishana juu ya roketi, ajira na nani atamtangulia Mchina, anayesema atafikisha watu Mwezini kabla ya mwaka 2030. Afrika haikuwamo kwenye ubishi huo.

Uhasama huo wa Marekani na China unaonekana hata ukiwa umesimama kando ya Ziwa Singidani. Jioni isiyo na mawingu, muda mfupi baada ya Magharibi, siku nyingine utaona kituo cha kimataifa kikikatisha mbingu, chepesi na cheupe, hakipepesi kama nyota, na baada ya dakika nne au tano kinazama kwenye kivuli cha dunia. Siku nyingine utaona Tiangong, kituo cha China kilichokamilika mwaka 2022. Njia za vituo vyote viwili zinapita juu ya mkoa huu. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inaizuia NASA kushirikiana na China bila kibali maalumu, kwa hiyo wanaanga wa vituo hivyo viwili wanatazama mashamba yaleyale ya alizeti bila kuwa na kazi hata moja wanayoifanya pamoja.

Swali la kama ni haki kutumia mabilioni kupeleka watu Mirihi wakati wengine wana njaa liliulizwa kutoka kwa jirani yetu zaidi ya nusu karne iliyopita. Mwaka 1970 mtawa wa Kikatoliki aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA aliyekuwa akishughulikia wazo la safari ya watu kwenda Mirihi. Alimuuliza anawezaje kupendekeza matumizi hayo ilhali watoto wanakufa kwa njaa. Stuhlinger hakumpuuza. Mei 6, 1970 alimjibu kwa barua ndefu yenye adabu, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba setilaiti zitawasaidia watu kujua hali ya mazao, ardhi na mvua, na hivyo kuongeza chakula.

Barua ile imesifiwa sana, na mimi naiheshimu. Lakini ilikuwa pia na ahadi ndani yake. Afrika iliambiwa: vumilieni gharama za Mirihi, kwa kuwa jicho la kutazama mashamba yenu litatoka humohumo. Jicho likaja kweli. Miaka 55 baadaye, mwezi uleule wa Mei, likapendekezwa kufinywa huku Mirihi ikitengewa fedha mpya. Anayetaka kujua kwa nini ubishi huu unanihusu, jibu langu liko hapo.

Nyerere naye alikuwa na jambo la kusema. Anatajwa mara nyingi kuwa alisema wenzetu wanajitahidi kufika mwezini na sisi bado tunajitahidi kufika vijijini. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kuliko wengi. Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili ashuke kwa wananchi kukijenga chama cha TANU. Mwezi mmoja baadaye, Februari 20, John Glenn akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, na sauti yake ilipokewa na vituo vya redio vilivyopangwa chini ya njia yake: Kano huko Nigeria, kisha Tunguu, Zanzibar. Ukiweka rula kwenye ramani kutoka Kano hadi Zanzibar, mstari wako unapita kaskazini ya mji wa Singida.

Tunguu ndipo siasa za safari za anga zilipotugusa waziwazi. Mwaka 1960 Waingereza waliwaruhusu Wamarekani kujenga pale kituo cha mradi wa Mercury. Kilikuwa na antena, mitambo ya redio na madaktari wa kufuatilia mapigo ya moyo ya mwanaanga. Wazanzibari wengi hawakuamini kwamba ni hayo tu. Wafuasi wa chama cha Hizbu, ambayo Abdulrahman Babu alikuwa katibu mkuu wake, walikuwa mstari wa mbele kukipinga, na maneno ya mtaani yakawa kwamba ni kituo cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, suala likarudi kwa nguvu mpya. Aprili, wiki chache kabla ya Muungano, serikali ya Mzee Karume iliagiza kituo kiondolewe. Kazi yake ikahamia Madagaska, nako kikafungwa mwaka 1975 baada ya upepo wa kisiasa kugeuka.

Leo ni rahisi kuwaona watu wale kuwa walikuwa na hofu isiyo na msingi. Sikubali. Tunguu hapakuwa na kombora, lakini roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilibuniwa kwanza kubeba bomu la nyuklia, na walioomba eneo hawakumwomba mwenyeji. Walimwomba mtawala wake. Wazanzibari waliona kwamba safari ya mtu mmoja angani ni mkono mrefu wa dola, wakataka wasikilizwe. Ninachosikitikia ni kwamba jibu lilikuwa ondokeni, pasipo kufika kwenye meza ya kuuliza: mkibaki, vijana wetu watajifunza nini, na tutapata nini kutokana na mnachokiona mkiwa juu?

Mwaka 1976 Kenya, Uganda na Zaire zilijaribu njia nyingine. Pamoja na nchi nyingine za Ikweta zilisaini Azimio la Bogotá, zikidai kwamba ile sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya Ikweta, ambako setilaiti za mawasiliano huonekana kama zimesimama, ni mali yao. Madai hayo hayakukubaliwa na wenye roketi. Hata hivyo zilikwenda na hoja mkononi.

Sasa meza zimekuwa mbili. Marekani ina Makubaliano ya Artemis, yanayosema kwamba kuchimba rasilimali za Mwezini hakuvunji sheria ya kimataifa, na kwamba nchi inaweza kutangaza eneo la usalama kuzunguka shughuli zake huko. Rwanda na Nigeria zilikuwa za kwanza Afrika kusaini, Desemba 2022 mjini Washington. China na Urusi zina mpango wao wa kituo cha utafiti Mwezini. Senegal imejiunga na pande zote mbili. Hadi katikati ya mwaka 2025 nchi zaidi ya 50 zilikuwa zimesaini Artemis, Tanzania haikuwamo. Wakati huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alishatangaza mwaka 2023 kwamba nchi inajiandaa kurusha setilaiti yake, na Shirika la Anga za Juu la Afrika limezinduliwa Cairo, Aprili 2025.

Sioni haraka ya kuchagua upande. Watu waende Mwezini, waende na Mirihi wakiweza. Kiu ya kujua haina kosa. Lakini sahihi ya Tanzania ina thamani kwa wote wawili, kwa kuwa kila mmoja anahesabu nchi zilizo nyuma yake, na kitu cha thamani hakitolewi bure. Bei yake iwe data za mvua na mazao, ziandikwe kwenye mkataba kwamba zitatoka bila malipo na bila kukatwa kila anapobadilika rais wa nchi fulani, pamoja na nafasi za mafunzo kwa vijana wa TMA na wa vyuo vyetu. Cairo ndiko pa kuipangia bei hiyo na majirani, ili Kigali, Nairobi na Dodoma zisipigiwe mnada moja moja.

GPM ilibuniwa ifanye kazi miaka mitatu na imeshavuka kumi. Mkataba wowote wa anga za juu utakapofikishwa Dodoma, wabunge wa Singida ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kusimama na kuuliza setilaiti ya kupima mvua itakayoirithi inajengwa na nani, kwa fedha ya nani, na nchi yetu itazipata taarifa zake kwa masharti gani.