Migodi ya OGame: jinsi ya kuchimba ukiwa na saa moja tu ya kafe

Kuna madogo pale kafe Bariadi wananiuliza kila siku mbona ufalme wangu wa OGame haukui wakati nilianza kabla yao. Jibu lina aibu kidogo, ila ngoja niliseme msije mkapoteza hela kama mimi.

OGame ni gemu la Wajerumani, lipo tangu 2002, unacheza kwenye brauza. Mali ni tatu: chuma, kristali na deuteriamu. Migodi inachimba saa 24 hata ukiwa umelala. Utamu uko hapo, na mtego uko hapo hapo.

Kosa la kwanza, umeme. Nilipandisha migodi nikasahau sola. Mgodi wa chuma wa levo 10 unakula umeme karibu 260, wa kristali hivyo hivyo, na sola ya levo 10 inatoa 518. Yaani inabeba migodi miwili tu, tena kwa kubanana. Wa deuteriamu unakula mara mbili! Umeme ukipungua, migodi yote inazorota. Ni kama nikeli ya Dutwa hapa kwetu: African Eagle ya Uingereza walikuja wakaipima, lakini madini kuwa ardhini siyo hela mfukoni. Yanataka umeme, barabara na mtaji kwanza.

Kosa la pili, kung'ang'ania mgodi mmoja. Kwenye ulimwengu wa kasi ya kawaida, kutoka levo 10 kwenda 11 unalipa chuma 3,459, unaongeza kama 163 kwa saa. Chuma chako kinarudi ndani ya siku moja. Kutoka 19 kwenda 20 unalipa 133,010, unaongeza kama 550 tu. Hapo unasubiri siku 10, na kristali sijaihesabu. Ikifika hivyo, bora ufungue sayari nyingine uanze migodi michanga.

Kosa la tatu ndilo lililoniua. Ghala ambalo hujalipandisha linabeba 10,000. Mgodi wa levo 10 unalijaza kwa saa 12 au 13, halafu unasimama. Mimi natoka kafe saa 12 jioni, narudi kesho yake jioni, kwa hiyo karibu nusu ya siku mgodi ulikuwa umelala. Na ghala likijaa, wezi wanaliona. Siku moja nimefungua nakuta nusu ya chuma imebebwa. Hela ya chai ya siku tatu imekwenda hivyo! Ni sawa na kuvuna pamba ukaacha magunia nje usiku, halafu unashangaa.

Siku hizi, dakika 10 za mwisho nafanya hivi:

1. Naangalia umeme usiwe hasi.
2. Natumia kila kinachotumika. Chuma kilichoshaingia kwenye ujenzi hakiibiwi.
3. Kinachobaki napakia kwenye meli za mizigo, kila moja ndogo inabeba 5,000, nazituma sayari yangu nyingine kwa kasi ya asilimia 10. Zikiwa njiani hakuna wa kuzigusa. Napiga hesabu zirudi nikiwa nimeshakaa kwenye kiti. Deuteriamu ya mafuta usiimalize.

Mwenye saa moja hashindani na mwenye kompyuta nyumbani kwa kuchimba sana. Anashindana kwa kutoacha kitu mezani.

Mwenye mbinu kali zaidi amwage hapa chini. Nawakilisha.