Deraya Isiyo na Mgongo

Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji wetu wiki hii laweza kuonekana ni la watu wa kambini, wala si la ukurasa wa familia. Fulana ya kuzuia risasi ina mfuko wa kutilia kibao kigumu kwa mbele, juu ya kifua, na mfuko mwingine kwa nyuma, juu ya mgongo. Je, huo wa nyuma ujazwe, au uachwe mtupu? Tumeona linafaa hapa kwa sababu nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina kijana aliyekwenda Somalia na majeshi ya Uganda, Burundi au Kenya, au aliyekwenda Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Watanzania hatujaisahau Desemba 7, 2017, siku kambi ya Semuliki huko Kivu ya Kaskazini iliposhambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Ongeza hapo walinzi wanaosindikiza fedha za benki, na waandishi wa habari wanaopelekwa penye mapigano. Mama wa kijana kama huyo ana haki ya kujua mwanawe amefunikwa nini na ameachwa wazi wapi.

Wanaouacha mfuko wa nyuma mtupu huwa na sababu tatu: uzito, joto na fahari. Tutaanza na fahari, maana ndiyo kongwe kuliko zote na ndiyo isiyosemwa waziwazi.

Polyaenus, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 2, anaeleza katika kitabu chake cha hila za kivita kwamba Alexander wa Makedonia aliwapa askari wake deraya za nusu, zenye kifua bila mgongo, ili atakayesimama imara ahifadhike na atakayekimbia asiwe na cha kumkinga. Kwa maneno mengine, mgongo mtupu ulifanywa kuwa ni amri ya kutorudi nyuma. Kwa Warumi wa zamani habari ilikuwa nyingine. Polybius anatuarifu kwamba askari wa kawaida alivaa bamba la shaba la ukubwa wa shibiri moja mbele ya moyo, na mwenye mali ya kufikia kiwango fulani ndiye aliyevaa deraya ya pete iliyozunguka kiwiliwili chote. Hapo hapakuwa na suala la ushujaa. Mgongo ulikingwa kwa aliyeweza kulipia, na wengi hawakuweza. Tunashuku kwamba hata leo, pale tunapoambiwa kuwa kibao cha nyuma si cha lazima, mara nyingi anayesema hivyo ni mhasibu.

Sisi Waislamu nasi tunayo masimulizi yetu. Katika vitabu vya kale vya Kiarabu inasimuliwa kuwa deraya ya Sayyidna Ali bin Abi Talib (RA) ilikuwa na kifua tu, haina mgongo, na alipoulizwa sababu, jibu lake lilikuwa na maana kwamba hakukusudia kamwe kumpa adui nafasi ya kumfikia kwa nyuma. Masimulizi haya hupendwa sana barazani, na haki yake kupendwa. Lakini yasisomwe peke yake. Imepokewa katika vitabu vya hadithi kwamba Mtume (SAW), ambaye hakuna aliyemzidi kwa ushujaa wala kwa kumtegemea Mola wake, alivaa deraya mbili siku ya Uhud, moja juu ya nyingine. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Saba, aya ya 10 na 11, inapotaja jinsi Nabii Daud (AS) alivyolainishiwa chuma, inataja pia kuwa aliamrishwa kutengeneza deraya pana zenye kuenea mwili, na kuzipima pete zake sawasawa.

Uhud yenyewe, mwaka wa 3 Hijria, ina somo juu ya migongo ambalo halihitaji kuongezwa chumvi. Wapiga mishale 50 chini ya Abdullah bin Jubayr (RA) waliwekwa juu ya kilima ili kulilinda jeshi kwa nyuma, na wakaamrishwa wasiondoke, ushindi uwe wa nani. Walipoona adui anakimbia na ngawira zimetapakaa, wengi wao waliteremka. Khalid bin al-Walid, kabla ya kusilimu kwake, akazunguka na wapanda farasi, na jeshi lililokuwa linashinda likapigwa kwa nyuma. Hakuna hata mmoja katika waliopigwa hapo aliyekuwa amemgeuzia adui mgongo kwa woga. Adui ndiye aliyehama upande.

Tuje karibu zaidi na zama zetu. Mchana wa Oktoba 3, 1993, kikosi maalumu cha Marekani kiliingia katikati ya Mogadishu, karibu na soko la Bakara, kuwakamata wasaidizi wa Mohamed Farrah Aidid. Kazi ilikadiriwa kumalizika katika muda mfupi. Helikopta mbili zikaangushwa, na kikosi kikabaki kikizungukwa usiku kucha mpaka msafara wa Wamalaysia na Wapakistani ulipofika. Wamarekani 18 walikufa. Wasomali waliokufa walikuwa mamia, wakiwamo wanawake na watoto, na katika hao hakuna aliyekuwa na kibao cha mbele wala cha nyuma. Jambo hilo husahauliwa kila kisa hiki kinaposimuliwa.

Fulana waliyovaa askari wale wa Marekani ilikuwa mpya kwa wakati wake. Ilishonwa kwa nyuzi za Kevlar zenye kuzuia vipande vya mabomu na risasi za bastola, na mbele iliwekewa kibao cha kauri chenye kuzuia risasi za bunduki. Nyuma haikuwa na kibao. Mantiki yake ilikuwa ni ile ile ya Alexander, ingawa bila kitisho: askari wa kushambulia huenda mbele, kwa hiyo hatari iko mbele yake. Wajerumani walipovamia Urusi, Jeshi Jekundu lilifikiri vivyo hivyo. Wahandisi wake wa mashambulizi walivaa bamba la kifuani la chuma chenye unene wa milimita 2 lililojulikana kwa jina la SN-42, na mgongo ukabaki na koti.

Mjini fikra hiyo huvunjika. Barabara ya Mogadishu ina mapaa, madirisha, vichochoro na njia panda. Anayelenga mlango wa kulia ameupa mgongo mlango wa kushoto. Baada ya vita vile fulana hiyo iliongezewa kibao cha nyuma, na fulana iliyoirithi katika jeshi la Marekani ilitengenezwa tangu mwanzo ikiwa na vibao viwili. Filamu ya mwaka 2001 iliyotengenezwa na Ridley Scott juu ya vita hivyo inaonyesha askari akiacha kibao chake cha nyuma kambini, kwa hoja kwamba hana nia ya kupigwa risasi akikimbia. Vijana wengi wanaikumbuka filamu kuliko wanavyoijua fulana yenyewe, na hoja hiyo wameirithi kutoka humo.

Inafaa tueleze kibao kinakinga nini hasa. Kibao cha kawaida kina ukubwa wa sentimita 25 kwa 30 hivi, hakimfuniki mtu mzima. Kazi yake ni kuukinga moyo, mishipa mikubwa inayotoka humo, na sehemu kubwa ya mapafu, yaani viungo ambavyo vikitobolewa mtu huweza kufa kabla hajafikishwa kwa daktari. Viungo hivyo havihami mtu anapogeuka. Risasi inayoingia kwa nyuma huukuta moyo ule ule, na njiani huenda ikaukuta uti wa mgongo, ambao ukikatika haujengeki tena. Wapo wanaosema kuwa mfuko mtupu wa nyuma si mgongo mtupu, kwa kuwa kitambaa cha fulana kipo. Ni kweli kwa bastola na kwa vipande vingi vya mabomu. Si kweli kwa bunduki ya AK-47, ambayo ndiyo silaha ya kawaida katika misitu ya Kongo na mitaa ya Somalia. Hiyo hupenya kitambaa kile bila taabu.

Zaidi ya hapo, wako watu ambao kazi yao yenyewe ni kuinama na kugeuka. Mganga wa kikosi anapomfunga majeruhi huwa amepiga magoti, uso chini, na mgongo wake ndio ulioelekea huko risasi zinakotoka. Anayemvuta mwenzake aliyeanguka hutembea kinyumenyume au hugeuka kabisa. Mpiga picha humfuata anayempiga picha, si adui. Mlinzi wa lango huangalia gari linaloingia, na mwizi mwenye akili hatoki upande huo. Kuwaambia hawa kwamba shujaa hapigwi mgongoni ni kutowaelewa kabisa.

Tunakiri kuwa ziko hali ambazo kibao cha nyuma hakina kazi, na mfano bora tunaoujua ni wa Vietnam. Marubani wa helikopta za Marekani walivaa kibao cha mbele peke yake, kwa sababu viti vyao vilikuwa vimezungushiwa mabamba ya kinga ubavuni na nyuma. Wapiga bunduki wa mlangoni, katika helikopta hiyo hiyo, walipewa vibao viwili, kwani wao walisimama na kugeuka huku na huku. Waliopanga mambo hayo hawakuuliza nani shujaa. Waliuliza nyuma ya mtu huyu kuna nini. Na sisi twadhani swali hilo ndilo lenye kustahili kuulizwa: dereva aliyekaa ndani ya gari la deraya ana chuma nyuma yake, lakini akishuka hana.

Uzito, ni kweli, si jambo la kupuuzwa. Fulana ya Kimarekani iliyotumika Iraq mwaka 2003, ya saizi ya kati, ilikuwa na kilo 7 na nusu hivi pamoja na vibao vyake viwili, na kila kibao kilikuwa na kilo 1.8. Kwa hiyo anayekiondoa cha nyuma anajipunguzia uzito usiofika wa lita mbili za maji, huku kile cha mbele kikibaki kinamvuta shingo na kiuno kwa kuwa hakina wa kulingana naye. Joto nalo huua, na katika pwani ya Somalia halina mchezo. Lakini joto hilo hutokana na fulana nzima kuzuia jasho lisikauke, si na kibao kimoja. Dawa yake ni maji, kivuli na zamu fupi, mambo yaliyo mikononi mwa kamanda. Ikiwa lazima mzigo upunguzwe, kuna mengi ya kutoa begani kabla ya kufika mgongoni.

Hata hivyo tusimdanganye mtu kwamba vibao viwili vimemaliza kazi. Uchunguzi wa wataalamu wa tiba wa jeshi la Marekani, uliojulikana kwa umma mwanzoni mwa 2006, ulipitia vifo vya wanamaji wa nchi kavu 93 waliouawa Iraq kwa majeraha ya kiwiliwili. Katika hao, 74 walipigwa mabegani, ubavuni au penginepo ambapo vibao havikufika. Ndipo vibao vya ubavuni vilipopatikana. Na Mei 11, 2022, huko Jenin, mwandishi Shireen Abu Akleh alikuwa amevaa fulana iliyoandikwa kazi yake kwa herufi kubwa, na kofia ya kinga kichwani. Risasi ilimpata nyuma ya kichwa, chini ya ukingo wa kofia. Mwenzake, Ali al-Samoudi, alijeruhiwa begani kwa nyuma, akanusurika. Hakuna mshoni awezaye kushona fulana ya kumzuia anayelenga pale palipobaki wazi, na lawama ya risasi ile haiendi kwa fulana.

Familia zinaweza kufanya nini? Mwaka 2003 askari wengi wa Marekani walijikuta Iraq na fulana zisizo na vibao, na wazazi wao wakanunua wenyewe na kuwatumia kwa posta. Kelele zao zilifika Bungeni, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwarudishia fedha zao, hadi dola 1,100. Wazazi wetu wengi hawana uwezo huo, wala hatuwashauri kununua kibao kwa mtu wasiyemjua. Kuuliza, hata hivyo, hakuna gharama. Kijana akiwa nyumbani likizo, aulizwe: fulana yako ina vibao vingapi? Vimepimwa kwa risasi za bastola au za bunduki? Mlinzi wa kampuni amuulize mwajiri wake hivyo hivyo, kabla hajatia saini.

Na aulizwe pia jinsi anavyokivaa. Ukingo wa juu wa kibao cha mbele uwe usawa wa kile kishimo kilicho chini ya koo, na cha nyuma kiwe usawa huo huo, karibu na mfupa unaojitokeza shingo inapokutana na mgongo. Wengi hukiacha kikateremka mpaka kiunoni kwa kuwa hivyo ni rahisi kukaa garini, na hapo kinakinga figo huku moyo ukiwa wazi. Kibao cha kauri kisitupwe chini wala kukaliwa, maana ufa wake waweza kuwa ndani, mahali jicho lisipofika. Kikianguka vibaya, kirudishwe ghalani kikaguliwe, na kijana asitoke zamu bila kingine.