Redio ya Mji na Adabu ya Majlisi

Kila mji wetu wa pwani una baraza yake. Ikisha saliwa alasiri, watu hukaa wakapeana khabari: nani kawasili, nani kafariki, bei ya samaki imepandia nini, na mfereji wa mtaa gani hautoi maji. Leo baraza hiyo imepata mwenzake, nayo ni redio ya mji. Hapo jambo hutolewa, wajuzi huulizwa, na wasikilizaji hupiga simu wakatoa rai zao. Hii ni majlisi kama majlisi nyingine, wala sheria ya majlisi haiondoki kwa kuwa msemaji haonekani uso wake.

Kwanza yafaa tujue chombo hiki kimetufikia vipi. Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka huo huo ikasikika Sauti ya Unguja. Mombasa nayo, katika miaka ya 1950, ilikuwa na Sauti ya Mvita. Kutoka ng'ambo, Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na London mwaka 1957. Mwanzo redio ilikuwa mali ya wachache, na jirani alikwenda kusikiliza kwa jirani. Zilipokuja redio ndogo za betri, sauti ikafika shamba na baharini. Lakini msikilizaji wa siku hizo kazi yake ilikuwa kusikia tu. Akitaka kujibu, hakuwa na njia ila kuandika barua. Simu ya mkononi ndiyo iliyomfanya kila msikilizaji kuwa msemaji. Hii ni neema, na kila neema ina hisabu yake.

Manufaa ya mazungumzo ya redio si maneno matupu. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Radio Tanzania walifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza vipindi juu ya malaria, kichocho, minyoo na maradhi ya kuhara, kisha wakazungumza wenyewe kwa wenyewe: sisi katika kijiji chetu tufanye nini? Walioshiriki walikuwa karibu watu milioni 2. Vyoo vikachimbwa na majani yakafyekwa pembezoni mwa nyumba. Tutazame vizuri hapa. Redio haikushika jembe. Waliolishika ni watu waliosikia pamoja, wakashauriana, kisha wakatenda. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya 42, amewasifu Waumini ambao mambo yao huenda kwa kushauriana.

Madhara yake nayo si ya kudhaniwa. Katika Rwanda, mwaka 1993, ilianzishwa redio iliyoitwa RTLM. Haikuwa redio ya serikali, bali ya watu binafsi, na utamu wake ulikuwa katika mazungumzo: mizaha, nyimbo na simu za wasikilizaji, kwa lugha ya mtaani. Katika mizaha hiyo chuki ikapandwa. Mwaka 1994 watu walitajwa kwa majina na mahali walipo, wakafuatwa na kuuawa. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakubwa wa redio hiyo. Basi asiseme mtu kwamba maneno ya redioni ni upepo tu.

Baina ya mifano miwili hii ndipo zilipo redio zetu. Twazo za umma, kama TBC Taifa, ZBC ya Zanzibar, na Pwani FM ya Mombasa. Na twazo za jamii, kama ile ya Micheweni, Pemba. Mazungumzo yao ni juu ya skuli, zahanati, bahari, mirathi, ndoa na mila. Je, sisi tulio majumbani tuyapokee vipi?

La kwanza ni khabari. Katika Sura ya 49, aya ya 6, tumeamrishwa tuchunguze khabari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mtu aliyepiga simu hatumjui jina wala tabia. Akisema fulani ni mchawi, au mfanyabiashara fulani anaficha unga, hilo ni dai, wala si ushahidi. Mtangazaji imempasa amkate kauli, na msikilizaji imempasa asiipeleke khabari hiyo msikitini wala sokoni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yatosha kuwa ni uwongo, mtu kusimulia kila alisikialo.

La pili, na ndilo lenye uzito zaidi katika nyumba zetu, ni siri za unyumba. Siku hizi mke hupiga simu akaeleza aibu za mumewe, na mume akaeleza za mkewe. Jina huenda likafichwa, lakini sauti jirani anaijua. Mji mzima hucheka, na watoto wao wakenda chuoni hutaniwa na wenzao. Kesho wawili hao wakitaka kupatana, watapatanaje na aibu yao imekwisha kuwa ngoma?

Wala hatusemi mwanamke anyamaze na dhuluma. Hasha! Baraza za mitaani ni za wanaume, na redio imempa nafasi mwanamke aliye jikoni aseme juu ya maji, matibabu na haki yake katika mirathi. Katika Qur'ani iko sura nzima, ya 58, iliyopewa jina kwa sababu ya mwanamke aliyemjadili Mtume (S.A.W.) juu ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akayasikia maneno yake na kumteremshia hukumu. Lakini tutazame alimwendea nani. Alikwenda kwa mwenye kuhukumu, hakwenda kwa wenye kucheka. Basi mwenye kudhulumiwa na aende kwa kadhi, au kwa wazee wa pande zote mbili. Redio na izungumze haki za mke na mume kwa ujumla, na imwonyeshe aliyedhulumiwa mlango wa kubisha. Hiyo ndiyo khidma yake.

La tatu ni kusikiliza pamoja. Baba na mama wakae na watoto wao wasikilize kipindi cha mambo ya mji, kisha waulizane: aliyesema kasema kwa elimu au kwa hasira? Sisi twaweza kufanya nini? Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivyo nyumbani hatachukuliwa na kila sauti atakapokuwa mkubwa.

Mtume (S.A.W.) ametuusia tuseme kheri au tunyamaze. Wasia huu mwenye simu mkononi ana haja nao leo kuliko mtu wa barazani, kwani wa barazani husikiwa na kumi, na yeye husikiwa na maelfu.

Wabillahi tawfiq.