Mwanga Unaosoma Damu

Katika maabara za Taasisi ya Afya Ifakara, mbu aliyekaushwa hubanwa juu ya kipande kidogo cha almasi na kumulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Protini, mafuta na sukari za mwili wake hunyonya kila moja sehemu yake ya mwanga, na mashine huchora mstari wenye vilima na mabonde. Kompyuta iliyofundishwa huusoma mstari huo: mbu ni wa aina gani, ana umri gani, amekunywa damu ya mtu au ya ng'ombe. Umri si jambo dogo. Kimelea cha malaria huchukua takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo wa kuogopwa ni mbu mzee.

Mwaka 2019 watafiti wa taasisi hiyo na wenzao walichapisha jaribio jingine, safari hii la kutafuta malaria kwenye damu ya binadamu iliyokaushwa kwenye karatasi. Sampuli 296 zilitoka kata 12 za kusini-mashariki mwa Tanzania. Majibu ya kompyuta yalilingana na ya kipimo cha vinasaba cha PCR kwa takriban asilimia 92, bila kutumia vitendanishi vya bei kubwa. Gharama iko kwenye mashine, na kwenye umeme, ambao tabia zake za kukatika wakazi wa bonde la Kilombero wanazijua.

Je, mwanga huo unaweza kusoma pia saratani ya mlango wa kizazi? Katika vituo vingi nchini, mlango wa kizazi hupakwa siki, kisha muuguzi huumulika na kutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Hicho nacho ni kipimo cha mwanga, ila msomaji wake ni jicho, na macho ya wauguzi wawili yanaweza kutofautiana. Mwaka 1991 watafiti wa Kanada na Marekani walionyesha kuwa seli za saratani hiyo zina glaikojeni (sukari ya akiba ya seli) pungufu, na infraredi huliona pengo hilo kwenye seli zilizokwanguliwa tu, kabla ya mama kukatwa kinyama cha kupimwa.

Kikwazo kipo. Damu, ute na uvimbe wa maambukizi huvuruga mstari. Isitoshe, kompyuta iliyofundishwa kwa mbu wa maabara hujikwaa ikipewa mbu wa porini, mpaka ifundishwe upya. Kifaa kilichozoezwa kwa wanawake wa Ottawa, Kanada, hakiwezi kuaminiwa Mlimba, kwenye bonde la Kilombero, kabla hakijapewa sampuli za wanawake wa huko na majibu yake kulinganishwa na ya kipimo cha kinyama.