Michezo mitatu ya darasani: upi unamfanya mtoto aongee?



Muhula huu tumecheza sana darasani, na wazazi wawili wameniuliza kama huko ni kujifunza au kupoteza muda. Nitajibu kwa kueleza michezo mitatu tuliyojaribu. Kipimo changu ni kimoja: mtoto akicheza, Kiswahili kinamtoka chenyewe au mpaka alazimishwe?

Tulianza na drafti ya vizibo vya soda, 12 kila upande. Watoto wameipenda, ila kwa kipimo changu imeshindwa. Kule nyumbani drafti ya kijiweni ina kelele kwa sababu ya watazamaji. Hapa watoto wawili walikaa nusu saa kimya kama wako kwenye mtihani.

Bao ni habari nyingine. Tulicheza bao la kujifunza, siyo lile la wakubwa lenye kunamua na nyumba. Ubao una safu nne za mashimo manane, na kila shimo linaanza na kete mbili. Safu mbili za upande wako ni zako. Unachota kete za shimo moja na kuzisambaza moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unazila na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani. Safu yake ya mbele ikibaki tupu, umeshinda. Sheria ziko zaidi, lakini hizi zinatosha kuanza.

Watoto wetu wanaijua chesi ya Kichina, ile wanayocheza wazee bustanini. Humo kilicholiwa kinatolewa ubaoni. Kwenye bao kete zote 64 zinabaki, na ulizokula zinakufanyia kazi wewe. Hilo liliwashangaza, wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe ukawa wa Kiswahili: "Umelala!" "Sijalala, bado nahesabu!" Kasoro yake ni kwamba wadogo wanapotea kwenye hesabu na kuanza kurushiana maharage. (Ubao wetu ni trei za mayai, na kete ni maharage.)

Mchezo wa tatu niliutunga mwenyewe, na sababu yake si ya kuchekesha. Mwaka jana niliumwa, nikaenda hospitali na mwanangu wa miaka kumi awe mkalimani. Nikamwambia nasikia kizunguzungu nikisimama. Akamwambia daktari "touteng", neno ambalo hata mimi nalijua: kichwa kinauma. Nikatikisa kichwa kukataa, tukahangaika hapo mpaka tukaelewana. Mtoto hakuwa na kosa. Neno kizunguzungu alikuwa hajawahi kulitumia, na mimi nesi mzima sikuwahi kumfundisha.

Basi tunacheza hospitali. Wachezaji ni watatu: mgonjwa, mkalimani na daktari. Mgonjwa anachukua kadi yenye ugonjwa, mfano kiungulia, kichefuchefu, ganzi ya mguu. Anaueleza kwa Kiswahili bila kutaja jina lake na bila kuonyesha kwa mkono. Mkalimani anapeleka kwa Kichina, daktari anauliza maswali, yanarudi kwa Kiswahili. Mwisho daktari anasema alichoelewa na kadi inafunuliwa. Ikilingana, wote watatu wanapata alama, kwa hiyo hakuna anayefurahia mwenzake akikosea.

Siku ya kwanza kila tumbo "liliuma" tu. Wiki ya tatu tumbo moja linakata, lingine linanyonga, lingine linaunguruma, na daktari ameanza kuuliza: "Linauma kabla ya kula au baada?" Swali hilo hata mimi ningeliuliza. Tatizo lililobaki ni kwamba kila mtoto anataka kuwa daktari, hasa akivaa shati langu jeupe.

Wazazi, mchezo huu haumfanyi mtoto kuwa mkalimani wa hospitali. Kwa jambo zito tafuteni mtu mzima anayejua lugha zote mbili. Lakini usiku wa manane aliye karibu mara nyingi ni mtoto.

Jumamosi ijayo kila mwanafunzi alete kadi moja: amuulize bibi au babu kwa simu ugonjwa mmoja unavyoitwa kwao na unavyosikika mwilini. Na mwenye trei tupu za mayai asizitupe.