Kabla ya Kutundika Nyota Dirishani

Asubuhi ya Desemba mjini Minneapolis, nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwenye nyumba ya kupanga yenye madirisha ya zamani ya kioo kimoja, matone yanateremka upande wa ndani, na nyota ya karatasi iliyobandikwa jana imeanguka chini, imelowa chepechepe. Mgeni aliyetoka Kisumu au Mombasa atadhani paa linavuja. Halivuji. Maji hayo yametoka humohumo ndani: kwenye pumzi za watu, bafuni, na kwenye sufuria ya ugali.

Hewa ya chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 9 au pungufu. Kioo kimoja kwenye baridi hiyo hushuka chini ya hapo. Kwa hiyo anayetaka mapambo yadumu aanze kwa kushughulikia baridi.

Kinachozuia baridi si kioo, ni hewa iliyotulia. Kioo hupitisha joto takriban mara 40 zaidi ya hewa isiyosogea. Hata sweta hukupa joto kwa sababu sufu yake imenasa hewa. Ndiyo maana madirisha ya vioo viwili huachiwa nafasi ya milimita 12 hadi 16 hivi. Ikizidi sana, hewa huanza kuzunguka, ikipanda upande wa joto na kushuka upande wa baridi, na joto huenda nayo.

Mpangaji asiyeweza kubadilisha dirisha anaweza kujitengenezea nafasi hiyo. Kwanza, washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu pembezoni mwa fremu. Moshi ukiyumba, hapo pana upenyo. Ziba kwa utepe wa sponji. Kisha futa fremu kwa spiriti, bandika gundi ya pande mbili, utandaze karatasi ya plastiki inayouzwa kwa kazi hii. Ipulizie hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Kiwandani plastiki hiyo ilivutwa ikiwa na joto, ikapozwa kabla haijajirudi; ikipata joto tena hunywea, mikunjo ikatoweka, ikakaza kama ngozi ya ngoma. Usizibe dirisha la kutorokea moto.

Mapambo sasa yatundikwe kwenye fimbo ya pazia, yasiguse plastiki. Chagua taa za LED, ambazo hazichomi kama balbu za zamani. Usibandike karatasi kubwa nyeusi kwenye kioo chochote kinachopigwa na jua: sehemu moja ikipata joto na nyingine ikibaki baridi, kioo huweza kupasuka.

Usiku, angalia vizuri. Taa moja itaonekana mara mbili dirishani, kwenye plastiki na kwenye kioo. Katikati ya vivuli hivyo viwili ndipo ilipotulia hewa inayokukinga.